Harara, sweta na shati linaloonyesha ndani

"Shikamoo. Niko kidato cha tatu, shule ya kutwa hapa Mombasa. Sare yetu ni shati jeupe la mikono mirefu, tai, sweta ya bluu, sketi ya bluu ya marinda, na sisi Waislamu tunavaa mtandio mweupe. Tangu shule zifunguliwe Januari nimetoka vipele vidogo vyekundu shingoni, kifuani na kwapani. Nikianza kutokwa na jasho vinachoma kama sindano. Ikifika saa nne shati limelowa na linaonyesha kila kitu ndani, kwa hivyo sweta siivui mpaka nifike nyumbani saa kumi, kwa haya. Rafiki zangu wanasema dawa ni shati la pamba tupu. Mama anasema ni maji ya kisima tunayofulia. Mwalimu wa zamu aliniambia mbele ya wenzangu nioge vizuri. Na mashati tunaambiwa tununue duka moja tu. Nifanyeje, bila kurudishwa getini?"

Marahaba, mwanangu. Maswali yako nitayajibu yote, lakini naanza na lile ulilolipitia haraka haraka: hiyo sweta unakaa nayo kutwa kwa sababu ya haya. Hapo ndipo penye shida yenyewe, na pia ndipo penye tiba ya bei nafuu kuliko shati jipya.

Vipele unavyovieleza vinafanana sana na harara. Mimi ni mtu wa vitambaa na ushonaji wa sare, ngozi yako sijaiona, kwa hivyo mwishoni nitakutajia dalili ambazo ukiziona itabidi umwone daktari. Ila neno la mwalimu nalikanusha sasa hivi. Harara haitokani na uchafu. Watoto wachanga wanaoogeshwa asubuhi na jioni hutoka harara msimu huu. Na ukijisugua kwa dodoki na sabuni kali ili kuthibitisha kwamba unaoga, unaichubua ngozi ambayo tayari imeumia, na vipele vinazidi. Oga kwa maji ya baridi, paka sabuni ya kawaida kwa mkono, basi.

Jasho halipozi mwili kwa kutoka tu. Linapoza linapokauka. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoka na joto la takriban kilokalori 580. Ikichuruzika au ikinywewa na sweta, faida hiyo karibu yote hupotea. Sasa tazama hali yetu: kaskazi inapovuma, kati ya Januari na Machi, joto la mchana Mombasa hufika nyuzi 32 au 33, na hewa ya bahari imeshajaa unyevu. Jasho hukauka polepole mno, isipokuwa pawe na upepo wa kuiondoa ile hewa nyevu iliyogandamana na ngozi. Kazi ya sweta ni kuizuia hewa hiyo isitembee. Limuru, kule bara kwenye baridi, asubuhi ya Julai hiyo ni neema. Tudor, hapa kwetu Mombasa, saa sita mchana wa Februari ni mateso.

Ngozi ikikaa imelowa kwa muda wa saa tano au sita, tabaka lake la juu huvimba na kuziba vinywa vya vijitundu vya jasho. Jasho lililoko chini linaendelea kutengenezwa, halina pa kutokea, linavujia ndani ya ngozi. Huko ndiko kuchoma kama sindano, na ndiyo maana kunakuja wakati ule ule jasho linapoanza. Shingoni hali ni mbaya zaidi kwa sababu hewa ya moto iliyomo ndani ya nguo hupanda na kutafuta njia kwenye kola, na kwako njia hiyo imefungwa mara tatu: kifungo, tai, mtandio.

Kwa hivyo tiba ya harara ni ngozi kupoa na kukauka. Ukifika nyumbani vua, oga, jifute kwa kugusagusa bila kusugua, kaa na dera jepesi la pamba penye upepo. Losheni ya kalamini hutuliza muwasho. Mafuta ya mgando yaache msimu huu, yanaziba vijitundu vile vile. Poda pia si rafiki: ikikutana na jasho inakuwa uji kwapani.

Sasa shati. Shati kavu huonekana jeupe kwa sababu mwanga hugonga nyuzi na hewa iliyo katikati yake, ukatawanyika kila upande. Likilowa, maji hujaza nafasi za hewa, mwanga hupita moja kwa moja, na jicho linaona kilichoko nyuma. Hutokea kwa kitambaa chochote cheupe chepesi, cha pamba au cha poliesta, kwa hivyo shati jipya peke yake halitakuondolea haya. Wasichana wengi hujaribu kujisitiri kwa fulana nyeupe au sidiria nyeupe, na hapo ndipo wanapokosea. Nyeupe chini ya nyeupe iliyolowa huchora mstari wazi pale inapoishia na ngozi kuanza. Kisichoonekana ni rangi inayokaribiana na ngozi yako mwenyewe, kahawia ya maji ya kunde au nzito zaidi, kadiri ulivyo.

Tafuta shimizi au fulana ya pamba nyepesi ya rangi hiyo. Iwe na mikono mifupi, si ya kamba, kwa sababu kwapa ndipo pa kwanza kulowa na unataka kitambaa cha kulinywa jasho kabla halijafika kwenye shati. Shingo yake iwe pana, isiguse vipele wala isionekane kolani. Isikubane, uweze kuivuta sentimita tano kutoka mwilini bila shida. Mitumba ya soko la Kongowea ina fulana za aina hii tele. Soma lebo, iwe pamba asilimia 100, na uichemshe au uifue kwa maji moto kabla ya kuivaa. Unahitaji nne. Moja unavaa, moja iko mkobani ndani ya mfuko wa nailoni, mbili ziko kambani. Mapumziko ya saa nne, ingia chooni, vua ile iliyolowa, jifute kwapa na kifua kwa kitambaa kikavu, vaa nyingine, ile mbichi itie mfukoni.

Utauliza: nguo mbili si zitaongeza joto? Zitaongeza kidogo, ndiyo. Lakini unaweka fulana nyembamba mahali pa sweta nzima, na hesabu hiyo inakufaidi sana. Bado shati litaonyesha alama ya jasho mgongoni. Hilo kila mwanafunzi wa pwani analo, na haliivunji heshima ya mtu.

Rafiki zako kuhusu pamba tupu wamepatia nusu. Uzi wa pamba hubeba unyevu wa takriban asilimia 8 ya uzito wake hata kabla hujautia maji. Poliesta hubeba asilimia 0.4 tu. Jasho likikutana na pamba huingia na kutambaa, likikutana na poliesta tupu hubaki juu ya ngozi, kisha harufu nayo hunata kwenye nyuzi. Lakini pamba ikishalowa huchelewa kukauka, hulemea, hujikunja, na ufuaji wa kwanza huweza kuipunguza asilimia 3 hadi 5. Mvua za masika zikianza Aprili, shati la pamba nzito ulilolifua jioni utalikuta bichi alfajiri, na nguo iliyopigwa pasi mbichi hunuka saa tatu haijafika. Kama una mashati mawili tu, pamba tupu itakutesa. Mchanganyiko wenye pamba asilimia 60 au zaidi ndio ninaoupendekeza kwa hali yako. Mashati mengi ya sare madukani ni kinyume chake, poliesta 65 na pamba 35. Hayo nayo hayajawa adui, yakiwa mepesi na yakiwa na nafasi.

Ukitaka kujua lako ni la nini, chomoa nyuzi chache kwenye mshono wa ndani, zile za urefu na zile za upana, uziwashe kwa mshumaa juu ya sahani yenye maji, mtu mzima akiwapo. Pamba huwaka upesi, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini la kijivu. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha chembe nyeusi ngumu ambayo kucha haiivunji. Mchanganyiko huwaka na kuacha vyote viwili. Usiwashe shati lenyewe, poliesta iliyoyeyuka huganda kwenye ngozi.

Jambo ambalo watu hulisahau ni ufumaji. Weka kitambaa mdomoni upulize. Pumzi ikipita kwa urahisi, upepo nao utapita. Poplini nzuri ya shati, yaani kile kitambaa chepesi laini cha mashati, huwa na gramu 110 hadi 130 kwa mita mraba. Duka la vitambaa halitakuonyesha hesabu hiyo, lakini kipande cha mita moja chenye upana wa sentimita 115 kitakuwa na uzito wa gramu 125 hadi 150 hivi kwenye mizani. Kikizidi 180, kiache. Mafundi na wauza vitambaa wa Mtaa wa Biashara huvijua vitambaa hivi, mwambie mama awaulize poplini ya pamba ya shati, na mkinunua iwe mita mbili na sentimita kumi za ziada. Kiloweke usiku kucha, kikauke, ndipo fundi akate.

Kwa fundi pia pana la kusema, kwa sababu shati lililobana la pamba ni moto kuliko shati la poliesta lililokaa vizuri. Kifuani lizidi kipimo chako kwa sentimita 12 hadi 15. Kola ikifungwa, vidole viwili vipite kati yake na shingo. Kile kitambaa kigumu kinachotiwa ndani ya kola kiwe chepesi, na begani atie tabaka moja badala ya mawili. Kwapani mwombe aweke kipande cha pembe nne, sentimita 8 kwa 8, kilichokatwa mshazari, kama kikwapa cha kanzu. Kanzu za pwani zimeshonwa hivyo tangu zamani: mkono unainuka bila shati kuvutika, mshono hausugui, na hewa inaingia. Kwa nje hakuna kiranja atakayetofautisha. Beji ing'oe kwenye shati la zamani.

Shati ulilonalo sasa, kama lina kitambaa cha ziada ndani ya mshono, fundi anaweza kulipanua sentimita mbili kila upande kwa kazi ya nusu saa. Na vifungo vya mikononi visogeze sentimita moja ili hewa ipande mkononi.

Sketi nitaigusa kidogo tu. Marinda yaliyolaliana kikamilifu ni tabaka tatu za kitambaa mahali pamoja, ndiyo maana ni nzito hivyo. Ubora wake ni kwamba inapepea ukitembea. Kama ina bitana, itoe, uvae shimizi ya chini ya pamba. Kiuno kilegee sentimita mbili. Mkishona nyingine, gabadini (kitambaa kizito cha sketi na suruali) ya poliesta tupu iacheni, tafuteni mchanganyiko wa poliesta na viskosi, uzi unaotengenezwa kwa mbao, kwani viskosi hunywa unyevu hata kuliko pamba.

Mtandio ndio unaokaa juu ya vipele vya shingo saa nane nzima, kwa hivyo usipuuze. Ile ya kuvutika iliyofumwa kwa nyuzi za plastiki hushika joto. Voili ya pamba nyeupe, kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, ni bora, na ule ukanda au kofia ya ndani nayo iwe ya pamba. Uwe na mitatu, ufue kila siku, na usiufunge juu ya nywele mbichi.

Mama naye hakukosea. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na visima vingi vina chumvi na chokaa. Sabuni ya kipande ikikutana na chokaa hufanya utando unaobaki ndani ya nyuzi. Kola inakuwa ngumu na kusugua shingo, na kitambaa kinapoteza uwezo wa kunywa jasho. Chumvi nayo huvuta unyevu kutoka hewani, nguo haikauki kisawasawa hata ikikaa juani. Fueni kwa maji hayo hayo kama hamna budi, lakini tumieni sabuni ya unga, kipimo kidogo, na suuzeni mara mbili. Katika suuza ya kwanza tieni siki nyeupe nusu kikombe kwa ndoo ya lita 10. Suuza ya mwisho iwe ya maji ya mfereji au ya mvua. Lita tano zinatosha shati, fulana na mtandio. Siki na jiki zisikutane kamwe, zikichanganyika hutoa hewa ya sumu. Kwapa zilizogeuka manjano msizitie jiki hata bila siki, huzidi kuwa manjano. Dawa ya kulainisha nguo wekeni kando, hupaka nyuzi mafuta. Kanji, kama shule inataka kola isimame, ipakwe kolani tu.

Sasa geti. Hakuna sheria ya nchi inayosema mwanafunzi wa Mombasa avae sweta saa saba mchana. Hiyo ni kanuni ya shule, na kanuni ya shule inaweza kuangaliwa upya na bodi ya shule. Kwa hivyo usianze kwa kuvunja, anza kwa barua. Fulana ya ndani na ufuaji havihitaji ruhusa, vianze kesho. Shati la kushonwa lisubiri jibu. Mama aandike, si wewe, na ampelekee mwalimu mkuu nakala mbili, moja igongwe muhuri arudi nayo. Iwe fupi hivi:

"Binti yangu wa kidato cha tatu anatoka harara kwa sababu ya joto. Naomba mambo matatu: aruhusiwe kuvua sweta baada ya gwaride, kuanzia Januari hadi Aprili, ashonewe shati la rangi na muundo ule ule kwa kitambaa chenye pamba nyingi, sampuli nimeiambatisha, na mwalimu wa zamu ajulishwe ili asisimamishwe mbele ya wenzake."

Sampuli iwe sentimita 20 kwa 20, ibanwe kwa pini. Mwalimu mkuu akiishika na kuona weupe ni ule ule, nusu ya ubishi imekwisha. Kama mna karatasi ya kliniki, iambatisheni pia. Msidai sare yote ibadilishwe, wala msiandike kwa ukali. Ombi la msimu mmoja ni rahisi kukubaliwa. Likikataliwa, mama alipeleke kwenye mkutano wa chama cha wazazi, maana hakika si wewe peke yako. Wasichana wengi wanakaa na sweta kwa haya kama wewe, na walimu wengi hudhani wanapenda. Hilo lisemwe wazi mkutanoni.

Kuhusu duka moja, Wizara ya Elimu imewahi kuzionya shule zisimlazimishe mzazi muuzaji mmoja. Mama anaweza kulitaja hilo kwa upole. Na maneno ya mwalimu yakirudiwa mbele ya darasa, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kumpiga mwanafunzi na pia kumtesa kiakili. Aanze kwa mwalimu wa ushauri nasaha, kisha mwalimu mkuu. Wewe usijibizane getini.

Ukifuata haya, harara huanza kutulia ndani ya siku chache na inatakiwa iwe imepungua sana katika juma moja. Isipopungua, nendeni zahanati. Nendeni mapema zaidi ukiona usaha, uvimbe wa moto, au homa. Vipele vikijipanga duara, ukingo umeinuka na katikati ni safi, huenda ni choa, na hicho kinataka dawa yake. Muwasho ukizidi usiku, ukashika baina ya vidole na ndugu zako nao wakajikuna, huenda ni upele, na nyumba nzima hutibiwa pamoja. Vipele vikifuata mstari wa mpira wa kiuno au wa mshono, huenda ni mzio. Tafadhali usinunue dukani krimu yenye dawa kadhaa zilizochanganywa kabla ya kuonekana: nyingi zina dawa inayotuliza muwasho kwa siku mbili, ikiacha choa kikienea na ngozi ikiwa nyembamba.

Na siku yoyote, wewe au mwenzako, mtu akipata kizunguzungu gwarideni, kichefuchefu, au akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, msingoje ruhusa ya sweta. Mpelekeni kivulini, mvueni sweta na tai, legezeni kola, mmwagieni maji shingoni na kwapani, mpepeeni, na mmoja akimbie kumwita mwalimu. Akiwa macho na anaweza kumeza, apewe maji kidogo kidogo. Akiwa amechanganyikiwa au amezimia, asipewe kitu mdomoni, apelekwe hospitali hapo hapo, na asiachwe peke yake hata kwa dakika moja.